Tupeane uzoefu: mmea wako wa kutambaa ulinyauka kwenye chungu, chanzo ulikijuaje?

Mwenye Baraza (mleta mada)
Heshima kwenu wakuu. Naomba tukusanye hapa visa vyetu vya mimea inayotambaa na kukaa na majani mwaka mzima, yaani asmini, pasheni, aivi, hoya, potosi na jamii yake, ikiwa imepandwa kwenye chungu kisha ikalegea. Swali hili likiulizwa, jibu la kwanza siku zote ni "mwagilia". Naumia nikilisoma. Mmea hulegea pale maji yasipofika kwenye majani, na hayo yanaweza kutokea udongo ukiwa umelowa chapachapa. Mizizi iliyooza hainywi.

Naanza na asmini niliyoachiwa na jirani aliyehama. Majani yalikuwa yamelala, ya chini yana umanjano, na chungu kizito hata kukiinua ni shida. Uzito huo peke yake ulinitosha kujua kwamba kiu siyo tatizo. Niliuchomoa mmea mzima. Mizizi ya juu ilikuwa myeupe na migumu. Ya chini ilikuwa ya kahawia, ukiivuta ganda linavuka na kubaki uzi mwembamba, na inanuka. Chini kabisa mlijazwa kokoto "za kupitisha maji". Hili wengi tumefundishwa, lakini kokoto hazisaidii: maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka udongo ule ushibe kabisa, kwa hiyo sehemu yenye rojo inasogea juu, ilipo mizizi. Nilikata yote iliyooza, nikauhamishia chungu kidogo zaidi chenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga wa chenga kubwa, nikapunguza matawi kama theluthi moja, nikauweka kivulini bila mbolea yoyote. Ulichipua.

Mkichangia, tajeni udongo ulikuwa mkavu au mbichi, umelegea mmea mzima au tawi moja, na mlikuta nini.

Bi Asmini
Ahsante kwa uzi huu. Wangu ulikuwa kinyume cha wako. Nikimwagilia, maji yanatoka chini papo hapo, nikaamini udongo umeshiba. Chungu kikawa chepesi hata baada ya kumwagilia! Udongo wenye mboji nyingi ukikauka sana hukataa maji, unajitenga na ukuta wa chungu na maji yanapita pembeni. Nilikizamisha chungu kwenye beseni mpaka mapovu yakaisha, nikakiacha kichuje. Jioni majani yakasimama. Nilipokuja kukihamisha nikakuta mizizi imejizungusha mpaka udongo hauonekani.

Mzee wa Pasheni
Wanangu, yangu ni habari ya huzuni, lakini afadhali mwijue. Nilikuwa na pasheni ya zambarau kwenye pipa, imefunika uzio wote. Ikaanza kulegea upande mmoja, majani yakiwa bado kijani, na udongo una unyevu wa kadiri tu. Kabla ya juma kwisha, mmea mzima ukalala. Nilikata shina karibu na udongo, nikalipasua kwa urefu. Ndani, penye mishipa ya kupandisha maji, palikuwa na michirizi ya kahawia. Huo ni mnyauko wa Fusarium, ukungu unaoingia kwa mizizi na kuziba mishipa. Dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kushikwa hakuna. Niliung'oa na kuuchoma, udongo sikuutumia tena popote, maana ukungu huu hukaa ardhini miaka mingi. Kisu na pipa nikaviosha kwa maji ya klorini.

Sasa naotesha pasheni ya zambarau iliyobebeshwa kwenye shina la pasheni ya njano, ambalo huvumilia ugonjwa huu zaidi. Pale pa kuunganishia pasifikiwe na udongo, la sivyo umefanya kazi bure.

Kuna watu watakwambia utumbukize kipande cha shina kwenye glasi ya maji safi uone kama utatoka uzi wa maziwa. Kipimo hicho ni cha kweli, ila ni cha mnyauko wa bakteria, unaojulikana sana kwenye nyanya na viazi. Glasi ikibaki safi, usidhani shina ni zima, lipasue.

Kivuli Chema
Wangu unalegea saa saba mchana na jioni umesimama wenyewe. Udongo mbichi, mizizi myeupe. Ni joto tu: majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta. Ila angalieni vyungu vyeusi vya plastiki juani. Kwangu mizizi ya upande unaopigwa na jua ilikuwa imekufa, ya upande wa pili salama. Nilikitumbukiza chungu ndani ya kingine kikubwa cha udongo wa mfinyanzi.

Fundi wa Kamba
Tawi moja tu likinyauka na mengine yako sawa, acheni mizizi, fuateni tawi kwa vidole kutoka kwenye ncha kurudi nyuma. Nilikuta waya wa kufungia umezama kwenye ganda, juu yake pamevimba. Sikuona haja ya kutibu, nikakata chini ya waya na tawi likachipua upya. Siku hizi nafunga kwa vitambaa, tena kwa kuvilegeza.

Mgeni Bustanini
Wakuu, samahani kuingilia. Aivi yangu imelegea tangu niitie mbolea, kingo za majani zimekauka, na juu ya udongo pana utando mweupe mgumu. Ni ukungu?

Bi Asmini
Mdogo wangu, kama ni mgumu na unamenyeka, hiyo ni chumvi ya mbolea. Ikizidi, mizizi inashindwa kuvuta maji hata yakiwapo. Kwangua utando huo, kisha pitisha maji mengi safi taratibu, mara kadhaa ya ujazo wa chungu, na yamwage yanayokusanyika kwenye sahani. Mbolea iache mpaka uone majani mapya.

Mpenda Hoya
Ongezeni wadudu wa chini. Hoya yangu ililegea bila dalili yoyote ya wadudu juu. Nilipoichomoa nikakuta vidudu vyeupe vyenye unga vimeganda kwenye mizizi na ukutani mwa chungu. Na ukikuta mizizi imevimba vinundu, hao ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi.

Mwenye Baraza
Michango mizito sana, shukrani. @Mgeni Bustanini, usikate tamaa ukiona mmea unalegea hata baada ya kuutibu au kuuhamisha. Vinyweleo vya mizizi vimekatika na vinahitaji muda kuota. Kwangua shina kidogo kwa ukucha. Pakiwa kijani na pana majimaji, lingali hai. Na kama kuna ncha ambayo bado ni ngumu na haina doa, ikate leo uioteshe pembeni kwenye udongo safi, kabla hujajua mmea mama utapona au la. Pasheni iliyoshikwa na mnyauko kama ile ya Mzee ndiyo pekee nisingeichukulia kipandikizi.