Mjadala: Asiyejua hata herufi moja, tumfundishe kwa simu?

Ndugu zangu mnaofundisha watu wazima hapa Uganda, naleta jambo hili tulijadili kwa uwazi, maana limenifika kooni.

Hoja inayosikika sana siku hizi ni kwamba madarasa ya jioni ni gharama na walimu wa kujitolea wanachoka. Kwa hiyo kisomo na Kiingereza vihamie kwenye simu, kila mtu ajifunze kwa nafasi yake. Mimi napinga. Hoja hiyo inawaweka kapu moja watu wawili ambao hawafanani kabisa.

Nafundisha Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro. Darasani kwangu wamo Wakongo, Warundi na wenyeji wachache, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Mwaka jana shirika moja lilileta programu ya Kiingereza ya kwenye simu, darasa la jioni likafungwa. Waliosoma Congo hadi la sita au la saba walifurahi mno, na walikuwa na haki. Fundi cherehani mmoja huweka simu pembeni ya mashine, anasikiliza sentensi, anaitamka, anairudisha nyuma, anaitamka tena. Leo anaenda zahanati na kujieleza bila mkalimani. Kwa mtu kama huyo simu ni mwalimu mzuri, haichoki kurudia.

Sasa yupo mama mmoja, umri wake umepita hamsini, hajawahi kushika kalamu. Siku ya kwanza alikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwomba ruhusa, nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukaandika “a” pamoja. Ilituchukua jioni tatu kufika “ba”. Darasa lilipofungwa akaambiwa afungue programu, asome maelekezo, abonyeze neno sahihi. Atasomaje maelekezo wakati kusoma ndiko anakokutafuta? Tena simu yenyewe ni ya mumewe. Baba akienda shamba, somo nalo limekwenda.

Halafu wanamwanzisha na Kiingereza. Kwa Kiswahili, “ba” ni ba popote utakapoikuta. Akishazijua silabi, anasoma. Kiingereza kinamwandikia “one” kisha kinamtaka atamke “wan”, kinamwekea “k” mwanzoni mwa “knife” kisha kinamwambia asiitamke. Watoto wetu tangu mtaala wa 2007 wanaanza la kwanza hadi la tatu kwa lugha ya nyumbani pale inapowezekana. Kama mtoto wa miaka sita anapewa haki hiyo, kwa nini bibi yake anyimwe?

Najua mtanikumbusha wakati wa Corona, shule zilipofungwa Machi 2020 hadi Januari 2022, masomo yakaja kwa redio na vijitabu. Kweli, na mtaani kwetu niliona vijitabu hivyo vikifanya kazi kwenye nyumba zenye dada au kaka wa kukaa na mtoto. Penginepo vilifungia mandazi.

Kwa hiyo sikatai masomo ya mbali. Redio naipenda, haili bando, na bando lenyewe tangu Julai 2021 linatozwa kodi ya asilimia 12. Ninachotaka ni mpangilio: herufi kwanza, ana kwa ana, kwa lugha anayoielewa mtu, hata kama ni jioni mbili tu kwa wiki, redio na karatasi zimsindikize siku zilizobaki. Akishasoma Kiswahili bila kusukumwa, hapo mpeni simu na Kiingereza. Serikali ina mpango wa kisomo cha watu wazima tangu 1992, chini ya Wizara ya Jinsia, na umesimama kwa migongo ya walimu wa kujitolea. Fedha za programu za simu zingeanza na nauli na chaki za hawa.

Hoja moja ya upande wa pili inanisumbua kwa dhati: mama mwenye kichanga, au yule ambaye mumewe hamruhusu kutoka jioni. Darasa langu halimfikii. Simu labda ingemfikia, na sina jibu la kuniridhisha.

Ndiyo maana nawauliza ninyi mlioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka na Kyangwali, Kampala na kwingineko: umewahi kumwona mtu aliyeanza bila hata herufi moja akajua kusoma kwa simu peke yake? Ilimchukua miezi mingapi, kwa lugha gani, na ni nani aliyekuwa ameketi kando yake?