Nyie mnaokanyaga mafuta kwenye barabara za mitaani mnatumalizia paka na kila kiumbe kinachotembea usiku

Wadau, huu uzi nauandika na hasira zangu zote na sitaki mtu aje kunipoza. Hivi nani aliwadanganya kwamba paka anajua barabara? Maana kila paka akigongwa mtaani lazima atokee mtu wa kusema aah paka mjanja yule, kama kagongwa basi siku yake ilifika, mwingine anadakia paka ana roho ngumu huyo ataamka tu. Haamki jamani. Yuko pale kwenye lami damu inamtoka puani na wewe umeweka mikono mfukoni unaongea habari za roho ngumu.

Paka hajui barabara, hajawahi kujua na hatajua. Anajua harufu, anajua mchakacho wa panya kwenye majani, anajua ukuta upi unapandika na upi una vigae, lakini chuma cha tani moja na ushee kinachokuja na spidi 60 hakimo kwenye hesabu zake. Namna yake ya kujiokoa ni kutulia kwanza apime, halafu mwisho kabisa anachomoka kukimbilia pale anapopaamini, na mara nyingi hapo ni nyumbani kwao ng'ambo ya barabara. Kwa mbwa mbinu hiyo inamsaidia sana tu, kwa gari ndiyo inayompeleka chini ya tairi. Halafu dereva anashuka anasema "kajirusha mwenyewe". Kajirusha wapi? Alikuwa anaenda kwao.

Na hizo taa zenu za fulu ndiyo mnammaliza kabisa. Jicho la paka limeumbwa kwa ajili ya giza, lina utando nyuma yake unaorudisha mwanga ndiyo maana mnaliona linang'aa, anaona vizuri kwa mwanga mdogo mara sita kuliko tunaouhitaji sisi, sasa mboni imefunguka yote alafu wewe unamwashia fulu mita kumi mbele ya uso unategemea atafanya nini? Anaganda. Hapo haoni gari, anaona mwanga mtupu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba vile vijicho vinavyong'aa katikati ya lami usiku, vile vinavyowaonyesha madereva njia, vilibuniwa na Mwingereza Percy Shaw mwaka 1934 na vikapewa jina la macho ya paka. Yaani jicho la paka linawafikisha nyumbani salama kila siku na nyie ndiyo mnamlipa hivi.

Kilichonipandisha mori ni hili la juzi. Paka wa jirani yangu, dume dogo la kijivu, kagongwa jioni giza ndo linaingia, na huyo aliyemgonga akasimama, nikasema alhamdulillah leo tumepata mtu mwenye utu, kumbe kasimama aangalie bampa. Kainama na tochi ya simu anapapasa bampa lake, kakuta kafuniko fulani ka plastiki kameachia, akaanza kuuliza mwenye paka ni nani amlipe. Paka kalala hatua chache kutoka mguu wake anahema kwa tumbo. Hakumwangalia hata mara moja. Tulipombeba nikaona kucha zake za mbele zimesagika zote, zingine zimepasuka hadi kwenye nyama, kwa sababu alijaribu kung'ang'ania lami wakati anaburuzwa. Daktari wa wanyama akatuambia hiyo ndiyo alama wanayoitafuta kwanza paka akiletwa bila maelezo, wakikuta kucha zimesagika namna ile wanajua ni gari. Nyonga imevunjika, taya limeachana katikati. Yuko hai mpaka naandika hapa lakini msiniulize anaendeleaje, anaendelea vibaya.

Sasa twende kwenye hesabu maana kuna watu bila namba hawaelewi. Ukiwa kilomita 30 kwa saa unasafiri kama mita 8 kila sekunde, ukiwa 50 ni karibu mita 14. Ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki umeshapita hizo mita zote hujapunguza hata kidogo. Jumlisha na breki zenyewe, lami kavu na tairi nzima, wa 30 anasimama kwenye mita 12 au 13 hivi, wa 50 anahitaji kama 26 au 27. Mvua ikinyesha ongeza. Kipara kwenye tairi ongeza tena. Na kishindo hakipandi sawasawa na spidi, ukizidisha spidi mara mbili nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Kwa hiyo mtu akiniambia "nilikuwa mwendo wa kawaida tu 50" kwenye njia yenye mageti pande zote mbili, watoto wanacheza na paka wamelala ukutani, huo siyo wa kawaida, na anayelipia ukawaida wako leo ni paka, kesho atakuwa mtoto wa mtu, na hapo ndo mtaitisha kikao.

Wengi wa hawa hata siyo wakazi! Wanakwepa foleni ya barabara kubwa, wanakata ndani kwetu, na kwa kuwa wamechelewa wanataka kufidia muda kwenye njia yetu. Ukisimama getini kwako jioni utawajua tu, anapunguza kwenye tuta kwa sababu anaogopa shokapu, akivuka tuta anakanyaga tena mpaka tuta lijalo. Tuta analiheshimu kuliko kiumbe hai.

Na msidhani ni paka peke yao. Angalieni lami asubuhi kabla magari hayajasaga kila kitu. Kalunguyeye, yule mdogo wa miba, akihisi hatari anajikunja duara anangoja adui achoke, mbinu nzuri kwa mbweha, kwa tairi anakuwa amejipanga katikati ya njia. Chura mvua zikianza wanatoka usiku kwa makundi kwenda kutaga kwenye maji, asubuhi barabara imejaa vipande. Nyoka na mijusi wanalala kwenye lami jioni kwa sababu bado ina joto la mchana (na hapa najua kuna mtu anafurahi nyoka kufa, haya, furahi, panya wakijaa stoo usije kuuliza). Kinyonga ndo usiseme, hatua moja mbele moja nyuma, huyo hana hata nafasi.

Bundi naye. Bundi anawinda chini chini, anapita usawa wa boneti kabisa, na anakuja barabarani kwa sababu panya wako barabarani, na panya wako barabarani kwa sababu wewe umekula ukarusha mabaki dirishani. "Si ni ganda tu litaoza." Sawa litaoza, ila kabla halijaoza panya kalifuata, bundi na paka wamemfuata panya, gari limewafuata wote. Alafu mzoga ukibaki pale kunguru na mwewe wanakuja kula, nao wanagongwa. Nimeona kunguru kalala juu ya mzoga wa nguchiro, wote wawili bapa. Ndiyo maana nasema mzoga uondolewe katikati ya njia, usukume pembeni mbali na lami, hata kwa koleo, ilimradi uangalie magari kwanza usije ukawa wewe wa tatu.

Komba zamani walikuwa wanavuka juu kwa juu, matawi ya upande huu yanakutana na ya upande ule, mtu hata hajui kama wapo. Miti ikakatwa kupisha waya na kupanua njia, sasa komba inabidi ashuke chini avuke kwa miguu. Tumemshusha wenyewe alafu tunamgonga. Na dawa yake inajulikana, Diani kule pwani ya Kenya wamefunga madaraja ya kamba juu ya barabara kwa ajili ya mbega na wanayatumia kweli, msitu wa Jozani Unguja barabara iliyokuwa inaua kima punju, wale mbega wekundu wa Zanzibar, iliwekwa matuta na vifo vikapungua. Hakuna maajabu hapo, ni kamba na matuta. Hata kisiwa cha Christmas cha Australia kaa wekundu wamejengewa daraja lao. Kaa! Sisi mtaani tuta moja tunabishana mwaka mzima kwamba litaharibu magari.

Najua mnachongojea kusema. "Mfungie paka wako." Haya tuongee na upande huo maana na nyie wenye paka mnanikera vilevile, siyo wote lakini wengi. Mna dume halijahasiwa, miezi minane, mnalifungulia saa moja jioni linarudi alfajiri limechanika masikio mnaona sifa. Wanaogongwa zaidi ni hao hao, vijana kuanzia kama miezi saba hadi miaka miwili, madume, na usiku. Dume likisikia jike lina joto hata mitaa mitatu halikumbuki gari wala jina lake. Mhasini, kuanzia miezi minne inawezekana, na majike fungeni kizazi, akishahasiwa anapunguza kuzurura na nyie mtalala. Chakula cha jioni mpeni kabla jua halijazama na mpeni ndani, kila siku muda uleule, baada ya siku kadhaa anajileta mwenyewe, ukishamaliza funga mlango mpaka kuche kabisa na magari ya asubuhi yapungue. Atalia siku za mwanzo, ndiyo, atakwangua mlango, mchezeshe na kamba mpaka achoke, ni mwindaji huyo akishakimbiza na kukamata na kula anataka kulala. Na bakuli msiweke upande wa barabara! Mtu anaweka bakuli nje ya geti anaita paka wote wa mtaa waje kuvuka njia, na anajiona mpenda wanyama.

Mkanda wa shingoni wenye kung'aa ni sawa ila uwe ule unaofunguka ukivutwa, siyo unaomnyonga akinasa kwenye uzio. Chipu nayo, kadude ka utambulisho ukubwa wa punje ya mchele kanakowekwa chini ya ngozi, haizuii gari lakini aliyeokotwa anajulikana ni wa nani. England tangu Juni 2024 kila paka wa kufugwa akifikisha wiki 20 lazima awe nayo. Lakini hapo hapo Uingereza, sheria yao ya barabara ya 1988 inamlazimisha dereva akigonga mbwa, farasi, ng'ombe, punda, nyumbu (yule chotara wa punda na farasi), kondoo, nguruwe au mbuzi asimame na atoe taarifa, paka kwenye orodha hiyo hayumo. Mpaka mbuzi yumo. Kwa hiyo hii dharau ya "ni paka tu" siyo ya kwetu peke yetu, imeandikwa hadi kwenye sheria za watu.

Nirudi kwa madereva maana ndo mnaoshika usukani. Mkiona macho mawili yanang'aa pembeni, punguza hapo hapo, shusha taa, na ujue nyuma ya huyo kunaweza kuwa na mwingine. Usikate kona ghafla ukaingia ukutani, kamata breki ukiwa umenyooka. Asubuhi kabla hujawasha gari gonga boneti, angalia chini, kuna paka analala juu ya injini kwa ajili ya joto na wewe ukiwasha tu feni inamkata.

Na ukigonga, simama. Washa taa za hazadi, angalia usalama wako, mfunike taulo au koti kichwani maana mwenye maumivu atakung'ata hata kama ni wako, mteleze kwenye ubao au kitu bapa usimkunje kunje, mpeleke kwa daktari. Hata kama ameinuka na kukimbia! Hiyo ndiyo inawadanganya wengi, kaamka kaingia vichakani basi mnasema mzima, kumbe kibofu kimepasuka au mapafu yamevilia damu, anakwenda kufa chini ya banda la mtu kesho yake. Angalia fizi, zikiwa nyeupe hana muda. Na panadoli MSIMPE, narudia msimpe, ini la paka haliwezi hiyo dawa, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua, nimesikia mtu amempa "apunguze maumivu" nikataka kulia. Mnyama wa porini pia msimpeleke nyumbani kumfuga, mtieni kwenye boksi lenye matundu, sehemu yenye giza na kimya, msimmwagie maji mdomoni, tafuteni wanaohusika na wanyamapori.

Sisi hapa mtaani tunataka matuta mawili kabla ya ile kona na kibao cha 30, na kwenye kikao yule bwana mwenye gari la chini ameshasema atapinga. Kwa hiyo mwenye uzoefu wa kupeleka maombi ya matuta aseme alianzia ofisi gani, barua iliandikwaje, saini ngapi zilihitajika, na walimjibu baada ya muda gani. Na wewe unayekuja kuandika "ni paka tu" anza kwanza kwa kutuambia jana usiku ulipita kwenye mitaa ya watu na spidi ngapi.