Mnaosema "bora Wasudani wangebaki na Bashir" mmenichosha

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Kila habari ya vita ya Sudan ikiwekwa humu, iwe ya El Fasher iwe ya Omdurman, wa kwanza kukomenti anaandika yale yale: "Si walitaka mapinduzi? Wameyapata." Na likes anapewa kibao.

Wengi wenu ndio hao hao mliokuwa mnashangilia 2019, maandamano yalipomng'oa Rais Omar al-Bashir. Yule dada wa toub nyeupe (vazi la wanawake wa Sudan) aliyesimama juu ya gari Khartoum, umati umemwinulia simu, nani hakumposti? Treni ilipotoka mji wa Atbara kuwaunga mkono waandamanaji, watu wamejaa mpaka juu ya paa, mkaandika Afrika imeamka. Juni mkaweka DP za buluu kuonyesha mko nao, mkagonga like kwenye kurasa za Instagram zilizodai eti kila like ni chakula kwa Msudani. Utapeli mtupu ule. Baada ya hapo mkarudi kwenye usajili wa Simba na Yanga.

Sasa tuulizane. Atbara walitoka 19 Desemba 2018 baada ya mkate wa pauni 1 kufika pauni 3, benki hazina noti, mafuta ni foleni. Mlitaka wale nini?

Na bunduki zilikuwa za nani? Hapa ndipo mnaponikera hasa. Hemedti, kamanda wa kikosi cha RSF, hakuletwa na waandamanaji. Katoka kwa Janjaweed, wale wanamgambo wa Darfur, na hiyo RSF iliundwa 2013 Bashir akiwa Ikulu, akaifuga imlinde hata dhidi ya jeshi lake mwenyewe. Burhan, mkuu wa jeshi, naye ni jenerali wa Bashir huyo huyo mnayemlilia.

Alfajiri ya 3 Juni 2019, mwezi 29 Ramadhani, Idi inanukia, Bashir keshaondoka, watu bado wamekita kambi mbele ya makao makuu ya jeshi wakidai serikali ya kiraia. Wakamiminiwa risasi. Mahema yakachomwa, maiti nyingine zikatupwa mto Nile. Madaktari wa Sudan walihesabu zaidi ya 100 waliouawa. Intaneti ikazimwa zaidi ya mwezi, na bado 30 Juni wakafurika tena barabarani, habari zikipita mdomo kwa mdomo. Wewe bando likiisha tu unakuwa mgonjwa.

Kama kuna la kuwalaumu viongozi wa kiraia, ni kukubali kugawana serikali na majenerali wale Agosti 2019. Hilo tutajadiliana, nakubali lina mjadala. Lakini aliyempindua Hamdok, waziri mkuu wa kiraia, 25 Oktoba 2021 ni Burhan, Hemedti akiwa pembeni yake. Na 15 Aprili 2023 wakageukiana wao kwa wao, vita ikaanza. Muuza chai wa Khartoum anaingiaje hapo?

Wanafunzi wetu waliorudishwa kutoka kule mwezi ule wapo mitaani kwenu, kawaulizeni nani alikuwa anarusha makombora.

Halafu zile kamati za mitaa zilizopanga maandamano, mnajua ziko wapi? Vijana wake wengi ndio walioanzisha vyumba vya dharura, wanapikia mitaa mizima, na pande zote mbili zinawakamata.

Mwenye hoja aje nayo, aje na tarehe. Ukija na "walitaka wenyewe" nakublock, sitaki hata kukujibu.