Stempu za mahakama za Kutch: nizibandue au niziache kwenye karatasi?

Wakuu, habari za leo. Babu mzaa mama alitoka Mandvi, pwani ya Kutch huko magharibi mwa Uhindi, akaja Zanzibar kwa jahazi kama wenzake wengi. Kwenye sanduku lake tumekuta hati za kesi ya shamba, zimeandikwa Kigujarati, na juu yake kuna stempu za ada ya mahakama za dola ya Kutch. Nadhani ni za enzi za Maharao Khengarji III, aliyetawala hadi 1942.

Kutch haikuwahi kutoa stempu zake za posta, barua zilipitia posta ya Uhindi ya Waingereza. Lakini ilikuwa na fedha yake, kori, na mahakama zake. Ndiyo maana karatasi hizi zimenikaa rohoni kuliko sarafu.

Stempu zimetobolewa tundu la duara, karani alikuwa akifanya hivyo ili zisitumike tena. Moja haina tundu, ila imesainiwa kwa wino juu yake. Je, hiyo ni ya mapato, ile ya kubandikwa kwenye stakabadhi?

Binamu yangu anataka tuziloweke majini zibanduke, eti ndivyo wanunuzi wanavyotaka. Mimi sikubali: wino wa zamani unachuja, na bila hati stempu inapoteza nusu ya habari zake. Mwenye uzoefu aseme. Na unyevu huu wa pwani, mnahifadhi vipi? Bahasha za plastiki naziogopa, zinatoa jasho.

Picha nitatuma kwa atakayeweza kusoma Kigujarati cha mkono.