Edan za Wayoruba zikirudishwa, akabidhiwe nani?

Wakuu, nimebishana na rafiki yangu mpaka chai ikapoa, nikaona nilete mada hapa. Machi 2023 Rais Buhari wa Nigeria alitoa amri kwamba sanamu za shaba ambazo Waingereza walizipora mwaka 1897 kwenye ufalme wa Benin (uliopo Nigeria, si ile nchi ya Benin), zikirudi, mwenyewe ni Oba, yaani mfalme, wa Benin. Rafiki yangu anasema utaratibu huohuo ufuatwe kwa edan za Wayoruba, watu wa kusini magharibi mwa Nigeria, zilizoko makumbusho ya Ulaya na Marekani: wapewe wafalme wao. Mimi napinga.

Kwa asiyezijua, edan ni sanamu mbili za shaba, mwanamume na mwanamke, nyingi zina urefu wa shubiri moja hivi. Vichwa vikubwa, macho yametokeza, mnyororo umeviunganisha utosini. Wengine wamekutanisha ngumi kifuani, ya kushoto juu ya ya kulia, vidole gumba vimefichwa. Chini kuna ncha ya chuma. Wenyewe ni Ogboni, baraza la wazee, wanaume kwa wanawake, wanaoitukuza Ardhi. Watu wakipigana damu ikamwagika, edan inachomekwa palepale. Ugomvi umekwisha, kilichobaki ni kesi na faini. Ukipelekewa edan nyumbani umeitwa barazani, na hakuna cha "nitakuja kesho".

Na mfalme je? Oyo ya zamani, dola la Wayoruba, Alaafin, yaani mfalme wake, akiletewa kibuyu kitupu au mayai ya kasuku na Oyo Mesi, baraza la wakuu wake, alijua anatakiwa afe. Hao Oyo Mesi nao walikuwa na Ogboni wa kuwaangalia. Sasa wewe umkabidhi mfalme edan? Ni kumpa mshtakiwa rungu la hakimu.

Mpitanjia: Mkuu, Benin na edan si kesi moja. Benin ilivamiwa na jeshi. Edan nyingi hazikuchukuliwa kwa bunduki. Mzee kafa, watoto wameshabatizwa au wamesilimu, hawataki hata kuiona ndani, anakuja mnunuzi. Aliyeuza anadai nini tena?

Mleta mada: Zile za mtu binafsi, sawa, nakubali. Lakini sanamu kubwa za iledi, yaani nyumba ya Ogboni, mtoto alipata wapi haki ya kuziuza? Ni kama mtoto wa imamu auze mimbari.

Bi Mkubwa: Mwanangu, tatizo langu ni hao Ogboni wenyewe. Nigeria jina hilo linawatisha watu, kila tajiri wa ghafla anasingiziwa kuwa mmoja wao. Halafu mwaka 1914 kasisi wa Kianglikana, T. A. J. Ogunbiyi, akaanzisha Ogboni yake kule Lagos kwa ajili ya Wakristo, ambayo baadaye ikawa chama kikubwa cha wasomi na wenye vyeo. Ukisema "warudishiwe Ogboni", ni Ogboni gani?

Mleta mada: Hapo umenibana, mama. Nilikuwa na maana ya wale wa asili, mji kwa mji. Nakiri kwamba edan iliyopita mikono ya wauzaji watatu, kuitafutia mji wake ni kazi.

Mtu wa Lamu: Siwa yetu ya shaba iko makumbusho ya Lamu, pamoja na ile ya pembe ya ndovu ya Pate. Zama zake haikupulizwa ovyo, ilikuwa sauti ya wenye mji. Leo mwanangu anaiona kwenye ziara ya shule. Mimi sioni ubaya wa makumbusho, mradi yawe ya kwao. Hiyo ncha ya chuma ikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu kila msimu, kutu itaimaliza.

Mleta mada: Kaka, siwa ukiitazama ukutani bado unajua ni ya kupulizwa. Edan tangu mwanzo haikuundwa itazamwe na kila mtu. Ogboni wana usemi wao: wawili wakikutana, wanakuwa watatu. Huyo wa tatu ndiye Ardhi, shahidi wao. Nimetazama picha za edan iliyo kwenye kabati la kioo: wawili wapo, mnyororo upo, ncha zimeshikwa na kibao cha plastiki. Wa tatu hayupo. Kama makumbusho hayakwepeki, angalau wachomeke kwenye sanduku la udongo.

Bi Mkubwa: Udongo wa wapi, mwanangu? Wa Ijebu au wa Oyo?