Kanisa lisilotuma asilimia 10 linyimwe kura mkutano mkuu? Tujadili wapendwa

Bwana Yesu asifiwe. Hii hoja naileta hapa kwa sababu imenikaa kifuani wiki ya pili sasa, na najua wabaptisti tupo wengi, kuanzia Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Manyoni mpaka Singida, na wachungaji mpo, so naomba tuongee kwa upendo ila ukweli tuambiane.

Kisa chenyewe. Dhehebu letu (silitaji, wenye nalo mnalijua) limeshusha rasimu ya mabadiliko ya katiba, makanisa tumeletewa tusome kabla ya mkutano mkuu. Kuna kipengele kinasema kanisa ambalo halijawasilisha makao makuu asilimia 10 ya mapato yake kila mwezi kwa miezi 12 mfululizo, bila kuruka hata mmoja, wajumbe wake wataingia mkutanoni ila kura hawatapiga.

Mimi ni mhazini wa kanisa dogo upande wa Bahi na msimamo wangu nausema mapema: napinga. Siyo kwamba napinga asilimia, hapana, asilimia naikubali na nimeitetea mbele ya kanisa langu mpaka nikaitwa kibaraka wa makao makuu. Ninachopinga ni kura kufungwa kwenye hela.

Hebu niwapeleke kwenye benchi letu. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, na kwetu mwezi wa pili mnaujua, ghala limeisha, uwele bado uko shambani na mvua yenyewe inakuja kwa kujisikia. Baada ya ibada tukakaa watatu kuhesabu, mimi, mzee wa kanisa na mama mmoja wa idara ya akina mama. Noti za elfu moja moja zimekunjwa mpaka zimekuwa kama tambara, sarafu za mia na mia mbili, basi. Kuku tetea mmoja kaletwa na bibi mjane, tukamnadi pale nje chini ya mti, mwalimu wa shule ya msingi akamchukua kwa 9,000. Kulikuwa na mafungu mawili ya mlenda mkavu, yakakosa mnunuzi, tukampa mama mchungaji. Jumla pamoja na kuku, 31,450. Humo mchungaji apate chochote, vifaa vya watoto wa Sunday school, na mgonjwa mmoja alikuwa anapelekwa hospitali ya General. Nikatenga 3,145 ya makao makuu kabla ya vyote, nikaituma kwa simu, makato nikalipa mfukoni kwangu.

Na namba tuliyopewa ya kutumia, jina linalotokea ni la mtu. Sio la kanisa, sio la ofisi, la mtu. Tunatuma tangu 2019, mwezi wa mavuno tunatuma vizuri, miezi ya njaa tunaruka mwezi, wakati mwingine miwili, sifichi. Risiti nilizonazo kwenye daftari ni nne. Nne! Kwahiyo siku wakisema kanisa letu halijatuma miezi 12 mfululizo mimi nitajitetea na nini? Meseji za simu iliyoshaibiwa?

Halafu kuna jambo wengi hawaliangalii. Sisi wabaptisti tunajisifu hatuna askofu, kanisa la mahali linajiongoza lenyewe, linaita mchungaji wake lenyewe. Sawa, ndiyo imani yetu na naipenda. Lakini kwa sheria za nchi anayetambulika kwa Msajili wa Vyama ni dhehebu, sisi huku kijijini tunasimama chini ya usajili wake. Na ardhi ndiyo kabisa, hati inaandikwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, ndio wanaojulikana RITA, ofisi ya serikali inayosajili wadhamini. Kiwanja chetu kilinunuliwa kwa alizeti na karanga za waumini, wengine wameshazikwa, lakini kwenye karatasi mwenye nacho ni bodi ya wadhamini. Na bodi kwa katiba yetu inachaguliwa na nani? Mkutano mkuu. Sasa unaninyima kura, maana yake kiwanja nilichonunua mimi kinaamuliwa na watu ambao sikuwachagua na siwezi kuwatoa. Na tangu serikali ihamie Dodoma viwanja mnaona wenyewe vinavyokimbia bei, Mtumba, Ihumwa, Nala, kila siku dalali yupo mlangoni. Hicho kipengele siyo cha sadaka tu ndugu zangu.

Karibuni mchangie.

NIMERUDI. Asanteni kwa michango, imekuja mingi na mingine imeniuma ila nimeisoma yote.

Kuna mchungaji ameandika kwamba hata Southern Baptist, lile dhehebu kubwa la wabaptisti wa Marekani, ambao wamisionari wao ndio walituletea huu ubaptisti Afrika Mashariki mwaka 1956, wanahesabu wajumbe kwa utoaji, so tusijifanye watakatifu kuliko waliotuzaa. Mtumishi, nakuheshimu sana, lakini umesoma nusu. Kwao kila kanisa linaloshirikiana nao linaanza na wajumbe wawili, hata liwe dogo kiasi gani. Baada ya hao wawili ndipo linaongezewa mjumbe mmoja kwa kila asilimia moja kamili ya mapato yake liliyotoa, au kwa kila dola 6,000, lichukue hesabu inayolipa zaidi, na mwisho ni 12 hata uwe tajiri vipi. Kwanza angalia hiyo asilimia. Kakanisa ka kijijini kanakotoa asilimia 10 kanafika 12 sawasawa na kanisa la maelfu ya watu, kwa sababu kinachopimwa ni uzito wa sadaka kwako wewe uliyeitoa. Kwetu rasimu inasema ukikosa mwezi mmoja kati ya 12 unabaki na sifuri. Unaweza kutoa asilimia 15 mwezi wa mavuno ukakosa mwezi wa pili, kura huna. Wapi na wapi?

Na kama tunataka kujifunza kwao basi tujifunze na yale yaliyowaumiza. Zamani kila taasisi yao, vyuo, misheni, nyumba za yatima, ilikuwa na watu wake wanaozunguka makanisani kuomba, leo kaja huyu, Jumapili ijayo yule, makanisa yakachoka. Mwaka 1919 wakaanzisha kampeni ya kukusanya dola milioni 75 kwa miaka mitano, watu wakaahidi zaidi ya milioni 92, ila iliyofika kwelikweli ilikuwa kama milioni 58, na taasisi zilishatumia zile ahadi kama hela iliyoko mkononi. Madeni yakawafunika. Hapo ndipo 1925 kule Memphis wakazaa mfuko wa pamoja, Cooperative Program, kanisa linatuma fungu moja, linagawanywa kwa utaratibu unaojulikana. Huo mpango ulijengwa juu ya hiari, hakuna kanisa lililolazimishwa.

Miaka mitatu tu baadaye, 1928, ikagundulika mhazini wa bodi yao ya misheni ya ndani, Clinton Carnes, amekula zaidi ya dola laki 9. Mtu mmoja! Walimwamini. Walikuja kumaliza madeni yao 1943. Nikisoma habari hiyo naiona ile namba ya simu yenye jina la mtu. Simtuhumu aliye nayo, simjui hata sura, inawezekana ni mwaminifu kuliko mimi. Lakini uaminifu wake mimi nitaujuaje?

Na miaka ya 1980 makanisa yao kwa wastani yalikuwa yanatuma zaidi ya asilimia 10 kwenye huo mfuko, sasa hivi wako chini ya asilimia 5. Sababu ziko nyingi, sitaki kusema ni moja. Ila mwaka 2022 ilipotoka ripoti ya namna viongozi wa kamati yao kuu walivyowapuuza watu walionyanyaswa kingono makanisani, imani ilitikisika, gharama za mawakili zikawa kubwa mpaka 2024 kamati ikaamua kuuza jengo lake la Nashville. Hela ilitolewa kwa ajili ya injili, ikaishia kwa wanasheria. Sadaka inafuata imani, na imani haiji kwa kumtishia mtu kura yake.

Mzee mmoja wa kanisa la mjini kanijibu kwa ukali kidogo, anasema makanisa machache ya mjini ndiyo yanabeba ofisi nzima, mafuta ya gari, semina, ada za vijana walioko chuo cha biblia, halafu siku ya mkutano makanisa ya vijijini yanakuja kwa wingi na kuyapigia kura mambo ambayo hayayagharamii. Mzee wangu, shikamoo, hapa umenigusa na sitakubishia. Ni kweli inauma. Na ni kweli wapo wa vijijini wanaojificha nyuma ya umaskini, alizeti wanauza sokoni Kibaigwa, hela nzuri kabisa, na asilimia hawatumi. Wamisionari nao walitulea vibaya kwenye hilo, tulizoea bati na misumari inatoka kwa mzungu, kizazi chetu kikakua hakijui kubeba. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo.

Lakini mzee dawa yako itaua mgonjwa. Kanisa likinyimwa kura halitaanza kutoa, litaondoka. Tumeshaona makanisa yakifungasha na mchungaji wao na kwenda kujisajili upya jina lingine, na kilichobaki nyuma ni kesi ya kiwanja. Kama unataka pa kuanzia, mkubaliane makanisa ya vijijini yatume kwa msimu badala ya mwezi, mwezi wa sita na wa saba baada ya mavuno ndipo hela ipo. Hata mazao yapokelewe, gunia la mtama lipimwe, liandikiwe risiti. Mkulima wa Bahi huwezi kumdai kila tarehe 30 kama mtumishi wa wizara.

Kuna dada kaniwekea Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani. Amina dada, nailipa. Na mimi nakuomba ufungue 2 Wakorintho 8, ile sehemu Paulo anapanga kupeleka mchango wa watakatifu Yerusalemu. Hakuubeba peke yake. Anasema wazi ameambatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, mtu asije akawalaumu kwa habari ya ile karama, kwa maana wanatunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Huyo ni Paulo, mtume, na alitaka shahidi. Ofisi yetu nani kaichagulia shahidi?

Kwahiyo kwenye kikao cha jimbo mimi nitasimama na hoja moja: kile kipengele kitoke, na badala yake katiba iseme ofisi ituletee taarifa ya fedha iliyokaguliwa siku 60 kabla ya mkutano, isomwe kila kanisa kama matangazo yanavyosomwa, na hela itumwe akaunti yenye jina la dhehebu. Wakikataa nitaomba kura ya siri ipigwe na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Wahazini wenzangu wa Kongwa na Mpwapwa, na wa Singida, naomba msaada wenu kabla ya hicho kikao. Mwenye taarifa ya fedha ya makao makuu ya mwaka wowote kuanzia 2019, hata ukurasa mmoja, hata picha ya simu isiyoonekana vizuri, aiweke hapa. Na mwenye risiti zaidi ya nne aniambie alizipataje.