Hivi nimekimbia nusu marathoni au sijakimbia? Waandaaji wa mbio za "furaha" njooni mjibu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na umeandikwa na mtu mwenye malengelenge sita miguuni, kwa hiyo asiyependa kelele apite tu.

Jumapili nimemaliza nusu marathoni yangu ya kwanza. Au tuseme nimemaliza kitu, maana mpaka leo sijui nilichomaliza kinaitwaje, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Zilikuwa zile mbio za kuvaa kama mashujaa wa katuni. Majoho mgongoni, barakoa, muziki njia nzima, medali kubwa kama sahani. Nilizichagua makusudi. Mtu anayekwenda kilomita 21 kwa mara ya kwanza ana woga wa kubaki mkiani, nikajiambia kwamba mahali ambapo jirani yako amevaa kama popo, nani atakucheka ukitembea? Hilo nilipatia. Wakimbiaji walikuwa watu safi sana. Kuna mama mmoja mwenye mabawa ya kadibodi alinivuta kuanzia kilomita ya 17 mpaka mwisho kwa maneno tu, na hata jina lake sikulijua. Kwa hiyo naomba nieleweke: sina ugomvi na wakimbiaji, sina ugomvi na vijana wa kujitolea waliosimamishwa juani bila maelekezo. Ugomvi wangu ni na waliopokea pesa zetu.

Nimejiandaa wiki 14. Siku nne kila wiki, na mbio ndefu kila Jumamosi, nikapanda polepole kutoka kilomita 6 mpaka 18. Kucha mbili zimeng'oka. Nimekosa sherehe, nimelala saa tatu usiku kama mtoto wa shule. Yote hayo kwa ajili ya namba moja: kilomita 21.0975.

Sasa tuje kwenye hiyo namba. Nilipokanyaga mstari wa mwisho saa yangu ya mkononi, ile inayopima umbali, ilisoma kilomita 20.18. Nikadhani imechanganyikiwa. Nikamuuliza wa pembeni, 20.21. Mwingine, 20.15. Najua wataalamu mnakuja kuniambia kwamba saa za mkononi hudanganya. Sawa, hudanganya. Lakini kwenye barabara ya wazi mara nyingi hudanganya kwa kuzidisha, kwa sababu hakuna anayekata kila kona kwa njia fupi kabisa. Njia ikipimwa kihalali, mpimaji anapanda baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, anafuata njia fupi kuliko zote, kama sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa barabara, halafu inaongezwa mita moja kwa kila kilomita ili umbali usije ukapelea. Yaani watu wenye kazi yao wanakesha kwa kuogopa kupunja mita 21. Sisi tumepunjwa mita 900 kama sukari kwenye mizani mbovu.

Zimekwenda wapi? Nimeshapata jibu. Karibu na kilomita ya 13 kulikuwa na njia panda. Hakuna kibao, hakuna utepe, yupo kijana mmoja ndani ya vazi la shujaa ambalo macho yake yalikuwa matundu mawili madogo, anapiga picha na watu. Tuliomfuata tulikwenda kushoto. Waliotangulia wanasema wao walinyooka, wakazunguka bustani, ndipo wakarudi barabarani. Kwa hiyo kuna waliokimbia nusu marathoni kamili na kuna sisi, na matokeo yametoka kwenye orodha moja! Mimi nimempita kwa nafasi 40 rafiki yangu ambaye kila mazoezi ananiacha. Yeye alizunguka bustani, mimi sikuzunguka. Ananipigia simu kunipongeza, nami nashindwa hata kuitikia.

Muda nao ni kichekesho. Kwenye namba ya kifuani tulibandikiwa chipu ya kupima muda wa kila mtu, lakini pale pa kuanzia hapakuwa na mkeka wa kuisoma. Wote tumehesabiwa kuanzia honi ilipolia. Mimi nilifika mstari wa kuanzia dakika 11 baadaye, kwa sababu mbele yetu watu walikuwa wamesimama wanajipiga picha chini ya tao. Sasa chipu ilikuwa ya nini? Pambo?

Maji. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, kwa mbio za barabarani zinataka vituo vya vinywaji kila baada ya kilomita 5 hivi. Sisi tulipata maji kilomita ya 4 na ya 8. Kilomita ya 12 tulikuta meza, ndoo tupu, na spika kubwa inayopiga muziki. Watu wa kilomita 5 na wa kilomita 10 walikuwa wametumia vituo vilevile na kumaliza kila kitu. Wale wa mbele walikunywa, kisha wakanawa uso. Sisi wa polepole, tunaokaa juani kwa saa mbili na nusu, ndio tulioambulia muziki. Mtu aliyepanga hivyo hajawahi kuwa wa polepole hata siku moja.

Halafu kuna handaki la povu. Kilomita ya 15.

Nani alikaa mezani akafikiri kilomita ya 15 ya nusu marathoni ni mahali pa kumwagia binadamu povu la sabuni? Kwenye mbio za kilomita 5 naelewa, unalowa, unacheka, unakwenda nyumbani. Lakini ukilowa soksi ukiwa na kilomita sita mbele yako, ngozi inalainika, inasuguana na kitambaa, na kila hatua inakuchuna. Hapo ndipo malengelenge yangu yalipozaliwa. Na pembeni hapakuwa na njia ya kulikwepa, uzio pande zote mbili. Nilimwona mtu akiteleza akaangukia goti, muziki ukaendelea.

Ningeweza kunyamaza kwa yote hayo. Kilichonifanya nifungue uzi ni jibu. Niliwaandikia kwa adabu kabisa, nikawaonyesha ramani ya saa yangu, nikauliza kama njia ilipimwa na nani aliipima. Baada ya siku mbili wakajibu: "Asante shujaa! Kumbuka hizi ni mbio za furaha, si za ushindani." Na kikatuni kinachotabasamu.

Nani amezungumzia ushindani? Mimi nilikuwa wa elfu moja na mia mbili na kitu! Sikuja kumshinda mtu. Nilikuja kujua kama mwili wangu unafika kilomita 21, na jibu hilo ndilo nililolipia. Furaha haifupishi barabara. Kule Ufaransa kuna Marathon du Médoc, ipo tangu miaka ya 1980, watu wanavaa mavazi ya vituko na kuonja mvinyo njiani, na bado wanakwenda kilomita 42.195 zote, tena ndani ya saa sita na nusu. Mtu aliyekunywa mvinyo anapewa umbali wake kamili, mimi niliyekunywa hewa nimekatwa!

Na msiniambie kila mtu hukosea. Ndiyo, hukosea. Marathoni ya Manchester ilikuwa fupi kwa mita 380 miaka mitatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Glasgow mwaka 2016 nusu marathoni ilipelea karibu mita 150, na rekodi ya Uskoti ya mkimbiaji Callum Hawkins ikafutwa kwa sababu hiyo. Bangkok mwaka 2015 ndio balaa, wa nusu marathoni walikimbizwa zaidi ya kilomita 27. Lakini njia ilipimwa upya, au waandaaji wakajitokeza wakaomba radhi, na wakimbiaji wakaambiwa ukweli wao. Hakuna aliyeambiwa atabasamu.

Ninachotaka si kurudishiwa pesa. Nataka watoe ramani ya njia iliyokusudiwa na cheti cha aliyeipima kama kipo, watenganishe matokeo ya waliopita bustanini na wasiopita, na waseme hadharani kwamba sisi tulikimbia kilomita 20 na ushei. Medali yangu imeandikwa 21.1 na kila nikiitazama naiona inaniongopea.

Mwenye rekodi ya saa yake aiweke hapa chini, hasa kuanzia kilomita ya 12 hadi ya 14, tuzikusanye.

Na ndiyo, kwa wanaouliza: zile mita zilizopelea nilizimalizia mwenyewe. Baada ya kuvishwa medali nikaenda kwenye maegesho ya magari nikakimbia mita 920, joho langu limelowa povu, mpaka saa iliposoma 21.10. Mlinzi aliniuliza kama nimepotelewa na gari.

Mama wa mabawa, kama uko humu, yako ilisoma ngapi?